MAJI NA MAJUMBA MAPYA: NANI ALIPE?

(Hotuba ya katibu wa tawi la mafundi wa ujenzi, Nairobi, mbele ya mkutano wa wanachama. Imepigwa chapa kwa ajili ya wale walio kazini siku ya Jumapili ambao hawakuweza kufika.)



Katika mkutano wetu uliopita tuligawanyika. Ndugu mmoja alisimama akasema, "Ada za ujenzi zikizidi, matajiri wataacha kujenga, nasi tutakaa nyumbani na mwiko mkononi." Dada mmoja akamjibu, "Nawe ukijenga nyumba mia bila maji, mimi mtoto wangu nitamwogesha na nini?" Wote wawili walipigiwa makofi. Kamati ikanituma nilitazame jambo hili na kuleta maneno leo.

Mimi ni fundi wa mawe, wala si mwanasheria. Nitasema kama mtu anayejenga nyumba mchana na kununua maji jioni.

MAJI YETU YANATOKA WAPI

Jina la Nairobi limetoka katika lugha ya Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 maji hayo yalitosha kambi. Mji ulipokua, ilibidi maji yaletwe kutoka mbali. Bwawa la Sasumua lilijengwa mwaka 1956. Halafu likaja bwawa kubwa la Ndakaini, huko Murang'a, lililomalizika mwaka 1994, nalo huweza kushika mita za ujazo milioni 70. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka Ndakaini.

Sasa tazameni watu. Mwaka 1999 Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 2,143,254. Mwaka 2019 tulikuwa 4,397,073. Katika miaka 20 tumekuwa zaidi ya mara mbili, wala halikujengwa bwawa la pili la kadiri ya Ndakaini. Umechimbwa mfereji wa chini ya ardhi wa kilometa 11.8 huko Murang'a, wa kuongeza maji katika Ndakaini. Lakini mfereji hauamuru mvua. Mwaka 2017 mvua ilipopungua na bwawa likashuka, maji ya mjini yaligawanywa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho kutwa. Wengi wenu mnakumbuka mapipa yale barazani.

Tena kuna jambo la kuudhi. Ripoti za bodi inayosimamia huduma za maji nchini zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya 40 kwa mia ya maji yanayotolewa na makampuni ya maji ya Kenya hayaingizi fedha yoyote. Mengine huvuja katika mabomba ya zamani, mengine huibiwa, mengine mita haziyasomi. Neno hili nitalirudia.

NILIYOYAONA KWA MACHO YANGU

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi katika jumba la orofa nyingi, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba moja na bustani. Jina la mwenyewe sitalitaja. Bomba la barabarani lilikuwa lile lile lililokuwa likimhudumia mtu mmoja na mkewe. Tulipomwaga zege la orofa ya tatu, bomba lilikauka. Nyinyi mafundi mnajua kwamba zege changa linataka kunyweshwa maji kila siku kwa muda wa juma zima, ama sivyo litapasuka. Tulinyunyiza kidogo kidogo kwa ndoo mpaka gari la maji likafika siku ya tatu. Nyufa zilionekana, zikapakwa simiti, kazi ikaendelea.

Jumba likaisha, wapangaji wakaingia. Baada ya mwezi mmoja nilipita pale nikakuta mama mmoja akipandisha mitungi kwa ngazi. Nikamwuliza, "Mama, bomba?" Akasema, "Bomba lipo, baba. Maji ndiyo hayapo." Aliununua mtungi wa lita 20 kwa Shs. 20/-. Fanyeni hesabu: lita 1,000 ni mitungi 50, yaani Shs. 1,000/-. Tena kodi yake ya nyumba ilikuwa imekwisha kutiwa bei ya "nyumba yenye maji".

Yule mwenye jumba aliokoa fedha kwa kutoongeza bomba. Fedha ile haikupotea. Yule mama ndiye anayeilipa, mtungi kwa mtungi, kila siku ya Mungu. Ndugu zangu, tukiuliza nani alipe, tusidhani kwamba asipolipa mwenye kujenga hakuna anayelipa.

TANGI, CHOO NA BOMBA

Watu husema, "Basi kila jumba liweke tangi la mvua, yaishe." Tangi ni jambo jema, lakini tupime.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 900, na paa ni la mita za mraba 400. Tukikinga sehemu nane katika kumi, tutapata lita 288,000 kwa mwaka. Chini ya paa hilo kuna nyumba 40, kila moja watu wanne, jumla watu 160. Tukimpa kila mtu lita 50 tu kwa siku, jumba linataka lita 8,000. Basi mvua ya mwaka mzima itawatosha siku 36. Mwenye nyumba ya chini ya familia moja tangi litamfaa sana. Wa orofa kumi hawezi kuishi kwa paa moja.

Tazameni sasa choo. Choo cha zamani humwaga lita 9 kila kikivutwa. Choo kipya chenye vitufe viwili humwaga lita 3 au lita 6. Mtu akivuta mara tano kwa siku, cha zamani kitamaliza lita 45, na kipya kama lita 18. Ameokoa lita 27. Watu 160 huokoa lita 4,320 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya lita 1,570,000. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya maji ya paa lote, na kazi yenyewe ni ya fundi wa mabomba kwa siku chache. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo jumba linalookoa bado linataka bomba la kuleta maji na bomba la kuondoa maji machafu. Wengine hukimbilia kuchimba visima virefu vya mashine. Lakini maji ya chini ya Nairobi nayo yana mwisho. Tangu mwaka 1953 eneo hili liliwekwa chini ya ulinzi kwa sababu maji ya chini yalikuwa yakishuka. Kila mtu akichimba chake, kamba itazidi kurefuka kwa wote.

Basi masharti ya kuokoa maji na ada ya ujenzi ni kama mwiko na kamba ya kupimia. Masharti hupunguza maji yanayotakiwa. Ada hujenga njia ya kuleta yaliyobaki. Ukishika kimoja peke yake, ukuta utakwenda upande.

MIJI MINGINE ILIFANYAJE

Hatuko wa kwanza kupatwa na jambo hili. Huko Afrika Kusini, mji wa Cape Town ulikaribia kukauka mwaka 2018, na watu wakaambiwa wasipite lita 50 kwa mtu kwa siku. Hayo ndiyo hufika mji ukichelewa.

Mji wa Santa Fe, Marekani, ulio katika nchi kavu, ulifanya jambo la busara katika miaka ya 2000. Mwenye kutaka kujenga nyumba mpya aliambiwa, "Kwanza badilisha vyoo vya zamani katika nyumba za watu, uweke vya maji machache, ndipo upate ruhusa." Maji aliyoyaokoa katika nyumba za zamani yaliihudumia nyumba yake mpya. Nawauliza, ni nani aliyevifunga vyoo vile? Ni mtu wa kazi, mwenye spana mkononi.

KUHUSU HOFU YA KAZI

Sasa namjibu ndugu yetu wa mwiko. Hofu yake ni ya kweli, wala tusimcheke. Ada ikipandishwa ghafula, au ikitozwa sawa kwa mwenye vyumba vinne na mwenye orofa ishirini, mdogo ndiye atakayeanguka, na vibarua wake pamoja naye. Lakini mabomba kuchimbiwa ni kazi. Kuziba mivujo ni kazi. Kubadilisha vyoo ni kazi. Mtaa usio na maji hauvutii mjenzi mwingine, na jumba lenye nyufa halimletei fundi sifa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MANENO YETU

Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 imezipa serikali za kaunti uwezo wa kumtoza ada mtu anayeomba ruhusa ya kujenga. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha, na ya kuwa na makao yafaayo. Kwa hivyo kamati inaleta maneno haya, myakubali au myakatae:

1. Ada ipimwe kwa maji ambayo jumba litayavuta. Mkubwa alipe kikubwa, mdogo alipe kidogo.

2. Mwenye kuweka vyoo vya maji machache, mita kwa kila nyumba na tangi la mvua apunguziwe ada. Asisamehewe yote, kwa maana bomba la barabarani ni la wote.

3. Fedha za ada hiyo zikae katika mfuko wake, na hesabu itolewe kwa watu mtaa kwa mtaa. Kazi ya kwanza iwe kuziba mivujo. Haifai kumwambia mama wa mitungi aokoe maji wakati barabara inakunywa.

4. Nyumba za serikali zifuate masharti yale yale. Mfanyakazi hukatwa 1.5 kwa mia ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba hizo. Akipewa ufunguo, apewe na maji.

5. Mahali pa ujenzi pawe na maji ya kutosha ya zege na ya kunywa kabla kazi haijaanza.

Maneno haya yakikaa katika karatasi yetu hayatafika popote. Kila mwaka kaunti hutunga Sheria ya Fedha, ambamo ada huandikwa, na hapana budi wananchi wasikilizwe kwanza. Siku ile wenye majumba hupeleka mawakili wao. Sisi huwa kazini, halafu jioni tunalalamika. Safari hii tawi lichague watu watano, wawili kati yao wawe akina mama, na tuchange nauli yao na mshahara wa siku hiyo, wakaseme kwa niaba yetu.

Ndugu wa mwiko na dada wa mtoto, nyote wawili mlikuwa na haki. Nawaomba muwe wa kwanza katika hao watano, mkakae benchi moja.

Umoja ni nguvu.