Mvua imerudi, kadenasi ya robine ni ya nini?

Wandugu vijana wa Masisi-centre na Walikale-centre,

Kila mwaka, mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua inapungua kwenye milima ya Masisi. (Ninyi wa Walikale muko na bahati, pori yenu haikosi mvua sana.) Chemchem inapunguka, kamati ya maji inafunga robine: munavoma asubuhi tu, bido mbili kwa nyumba. Hapo siko na neno.

Neno liko mwezi wa kumi na moja. Mvua imenyesha, tanki inajaa na kumwanga maji usiku kucha, lakini kadenasi iko palepale. Ukiuliza: "Bado tunachunga." Munachunga nini? Hakuna mwenye alipima.

Kupima haiombi diplome, na sisi wenye diplome bila kazi tuko na wakati. Weka bido ya lita 20 kwenye chemchem, hesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 10, ni lita 2 kwa sekunde, ni lita 172,800 kwa siku. Kwa lita 20 kila mtu, inatosha watu 8,640. Turudilie kila juma, sababu maji ya chini ya udongo inachelewa kufuata mvua.

Cape Town, mwezi wa kumi 2018, mabwawa yalipopata maji, mji ulipandisha kipimo toka lita 50 mpaka 70 kwa mtu kwa siku, na wakatangaza hesabu.

Siku ya posho, saa kumi na mbili asubuhi, tukutane kwenye chemchem. Uje na bido na kalamu. Hesabu tutaibandika kwenye robine, kisha tuite kamati.