Mwenye nyumba mupya? Waulize kwanza wapangaji

Leo tunaongea juu ya nyumba za leta. Kwetu mutu anaweza kuamka asubui na kusikia nyumba anamoishi iko na mwenye mupya. Nani alimuuliza?

Mwaka 2002, Uingereza, muji wa Birmingham ulitaka kuachia shirika nyumba zake. Wapangaji wakapiga kura. Karibu wawili juu ya watatu walikataa, nyumba zikabaki za muji. Mwaka ule ule Glasgow walikubali, na mu 2003 nyumba karibu 80,000 zikapita kwa shirika mupya.

Lakini tusidanganyane, kule pia kulikuwa mutego. Serikali iliahidi kufuta deni kubwa la nyumba za Glasgow, ila tu kama wapangaji wanasema ndiyo. Kura ya namna ile iko kura, lakini imeinama kidogo.

Siye tunaomba hivi: mbele ya sinyatire, mukataba usomwe kwa wapangaji, mu luga wanayosikia. Kodi itapanda? Nani atatengeneza paa? Anayefukuzwa atashitaki wapi?

Wenye karatasi za nyumba, hata zile za zamani za wazazi, mulete fotokopi siku ya posho. Orijinali ibaki kwenu.