Tukifika Nchi Kavu Tusisahau



Tarehe 27 Februari 2012, meli ya kitalii Costa Allegra, ikitoka Madagaska kuelekea Shelisheli, iliwaka moto katika chumba cha jenereta. Watu zaidi ya 1,000 walibaki bila umeme. Waliolipia starehe wakalala sitahani kwa joto. Kasri lile lilikokotwa na meli ya wavuvi hadi Mahé, Machi 1.

Suratul Israa, aya ya 67, yatukumbusha mwanadamu amliliaye Mola wake baharini, kisha akampa kisogo afikapo nchi kavu. Basi tusiwacheke watalii wale. Sisi tuvukao kwa pantoni kwenda Kigamboni huomba dua mawimbi yakipanda. Je, tukishashuka, adhana ya Alasiri hutukuta wapi?

Wabillahi Tawfiq.