HEWA YA CHUMBA CHA KUPIGIA CHAPA
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mtwara)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya kupiga chapa. Kazi hii si ngeni mkoani kwetu. Vitabu vingi tulivyosoma vilichapwa Ndanda, katika kiwanda cha Wabenedikti. Kwa kuwa baadhi yenu vijana mtaifanya, nitazungumzia jambo moja tu: hewa.

Sisi wa Mtwara tunajua kubangua korosho. Mafuta ya ganda huchubua vidole papo hapo, kwa hiyo mbanguaji hujikinga mikono kabla hajaanza. Mvuke wa petroli na thina za kusafishia rola hauchubui. Siku ya kwanza kichwa huuma. Baada ya wiki pua huzoea, na mtu hudhani mwili nao umezoea. Haujazoea.

Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wapiga chapa wa kiwanda kimoja huko Osaka, Japani, wengi wao vijana, walipata saratani ya mirija ya nyongo. Walisafisha mashine kwa dikloropropani katika chumba kisichopitisha hewa ya kutosha. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kuwa dawa hiyo husababisha saratani kwa binadamu.

Nimefanya kazi katika vyumba vya namna hiyo. Wakati wa masika madirisha yalifungwa ili karatasi zisinyonye unyevu, na pangaboi likazungusha mvuke ule ule. Tajiri alitugawia maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Mvuke huingia mapafuni. Kitambaa cha mdomoni nacho huzuia vumbi, si mvuke.

Dawa yake si ghali. Karatasi ziwe na chumba chao. Madirisha yaelekeane, kusi na kaskazi zipite. Feni ya kutoa hewa nje iwe chini, maana mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Makopo na matambara yafunikwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake.

Ndugu zangu wenye maduka, kabla ya kununua mashine ya pili, toboeni dirisha la pili. Nanyi vijana, siku ya kwanza kazini msiulize mshahara peke yake. Ulizeni pia hewa inatokea wapi.