Ndege Inaposubiri Mvua au Barafu: Wajibu na Haki za Abiria



Ni machache yanayomuudhi abiria kama kuketi ndani ya ndege iliyokwisha kufungwa milango, saa zikipita, na tangazo likirudiwa kwamba hali ya hewa hairuhusu kuondoka. Leo tunapenda kueleza uamuzi huo hutokana na nini, na abiria ana haki ya kudai nini.

Tuanze na njia ya kurukia iliyolowa maji. Kabla ya kuondoka, marubani hukokotoa kasi maalumu ya uamuzi. Kasi hiyo ikishapitwa, ndege haina budi kuruka, kwa kuwa njia iliyobaki haitoshi kuisimamisha. Maji yakitanda, breki hushika kwa shida na umbali wa kusimama huongezeka. Hapo marubani huishusha kasi hiyo, hupunguza uzito wa ndege, au husubiri maji yapungue. Ndiyo maana mvua kubwa ya masika huweza kuichelewesha ndege isiyo na hitilafu yoyote.

Kwa wanaosafiri Ulaya au Amerika Kaskazini majira ya baridi, ipo hatari ya pili: barafu juu ya mbawa. Tabaka jembamba, lenye mkwaruzo kama wa msasa, huweza kupunguza nguvu ya kuiinua ndege kwa hadi asilimia 30. Kwa sababu hiyo mbawa hunyunyiziwa kimiminika cha kuyeyusha barafu. Kinga yake hudumu kwa muda mfupi tu. Theluji ikiendelea kuanguka na muda huo ukapita, mbawa hukaguliwa upya au ndege hurudishwa kunyunyiziwa tena.

Gharama ya kupuuza jambo hili ilionekana Dryden, nchini Kanada, tarehe 10 Machi 1989. Ndege iliyokuwa na watu 69 iliruka ikiwa na theluji mbawani, ikaanguka msituni muda mfupi baadaye. Watu 24 walifariki. Uchunguzi ulibaini kwamba theluji ile ilikuwa imeonekana kutoka ndani ya ndege. Miongoni mwa abiria walikuwamo marubani wawili waliokuwa mapumzikoni, lakini taarifa haikufikishwa kwa rubani. Mhudumu naye hakuona kwamba ilikuwa nafasi yake kusema.

Kutokana na hayo, tunawashauri mambo matatu.

Kwanza, msiwashinikize wahudumu wala marubani waharakishe safari. Uamuzi wa mwisho wa kuruka ni wa rubani kiongozi, na hasira za abiria hazipaswi kuwa sehemu ya hesabu zake.

Pili, ukiona theluji au barafu juu ya bawa ndege inapojiandaa kuruka, mwarifu mhudumu papo hapo, kwa utulivu, na umwombe amfikishie rubani taarifa. Usidhani kwamba wao wamekwisha kuiona.

Tatu, tambueni haki zenu. Kwa safari zinazoanzia nchi za Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 hulitaka shirika la ndege linaloendesha safari liwape abiria chakula na vinywaji ucheleweshaji unapozidi muda uliowekwa, na malazi ikilazimu kulala. Haki hiyo haifutwi na hali mbaya ya hewa. Kinachoweza kukosekana ni fidia ya fedha, iwapo hali hiyo haikuweza kuepukika. Kwingineko, someni masharti ya tiketi kabla ya kulipa, na tunzeni stakabadhi za kila mlichogharamia.

Wahenga walisema, kawia ufike. Daini chakula, daini malazi, daini maelezo ya kweli. Lakini msidai ndege iruke kabla rubani hajaridhika.