Kumbukumbu za Wazee wa Vita
(Hotuba kwa wakazi wa Kaloleni na Makongeni, Nairobi)



Soko la Burma mnalijua nyote, na jina lake latukumbusha vita. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walishuka bonde la Kabaw nchini Burma, katika mvua na matope. Barabara zilipoharibika, ndege ziliwaangushia chakula. Mwezi wa Desemba waliingia Kalewa. Wenzao wengi wa mizinga hawakufika: meli yao, Khedive Ismail, ilizamishwa katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari mwaka ule ule, na watu karibu 1,300 wakafa.

Kijana wa miaka 18 siku zile, akiwa hai leo, amekaribia miaka 100. Basi msingoje. Kama babu yupo, keti naye jioni umsikilize. Kama ametutoka, mwulize bibi. Fungueni sanduku, mtazame medali na barua zake, mwandike jina lake, namba yake na kikosi chake. Medali isiyo na habari ni kipande cha chuma tu, nao wajukuu wataichezea mpaka ipotee. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.