Fedha za Kuchunguza Afya Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Bariadi)



Twawashukuru kwa kuacha pamba shambani mkaja kutusikiliza. Neno letu ni moja: fedha za utafiti wa afya.

Kila mmoja hapa anakijua kichocho. Mtoto anakojoa damu, anapewa vidonge shuleni, anapona, na baada ya siku chache yumo tena lamboni pamoja na ng'ombe. Tangazo limebandikwa ukutani mwa zahanati. Je, mama wa mtoto yule amelisoma? Na akilisoma amelielewa, yeye ambaye nyumbani kwake husemwa Kisukuma? Hilo halichunguzwi kwa darubini. Lataka watu wa kwenda Itilima, Meatu, Maswa, Busega na hapa Bariadi, waketi na wazazi, waulize, kisha warudi tena baada ya msimu kuona kama kuna kilichobadilika. Kazi hiyo yataka mafuta ya gari, posho na karatasi.

Tusiambiwe haiwezekani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa kwa mikono yetu wenyewe. Mwaka 1979 Bunge likaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nayo ina kituo Mwanza, jirani zetu. Huko Mwanza, kati ya 1991 na 1994, uchunguzi vijijini ulionyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa asilimia 40 hivi. Dunia nzima ikajifunza kwetu! Lakini fedha nyingi zilitoka Ulaya, nasi tulishangilia tu.

Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, na kazi nyingi za afya Afrika zikasimama. Hatuwalaumu, fedha ni zao. Wazee walikwisha sema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi twataka halmashauri zetu zitenge fungu, hata likiwa dogo, kutoka ushuru wa pamba, lianze na kichocho, na majibu yasomwe kwanza katika mikutano ya vijiji kabla ya kupelekwa kwingine. Madiwani wamo humu ukumbini. Tutawauliza kabla hatujatoka.